Vidonge vya Kukimbia Navyo

Ukiingia katika nyumba ya mtu aliyerudi kutoka Tanzania, huku Makebuko, Burundi, usihangaike na picha ya Bikira Maria ukutani wala kalenda ya mwaka juzi. Angalia nyuma ya mlango. Msumari hukosi, na kwenye msumari hukosi mfuko. Ndani yake mna vitambulisho, kiberiti kilichofungwa kwenye nailoni kisilowe, chumvi, kitenge kimoja, sufuria ndogo, na kwa wale waangalifu zaidi, sindano na uzi. Ukimwuliza mwenye nyumba ni wa nini, atakwambia ni takataka za mke wake. Ukimwuliza mke, atakuuliza kama umekula. Huo ni mfuko wa kukimbia nao, na watu hawauzungumzii, kama wasivyozungumzia habari za chooni.

Mfuko wa Adventina ulikuwa wa turubai la buluu. Aliushona mwenyewe kwa mkono mwaka 2009, juma lile lile waliporudi, kabla hata nyumba haijapata dirisha. Elikana, mume wake, alimtazama akishona, akauliza kama si afadhali aanze na mapazia. Adventina akamjibu kwamba pazia halijawahi kumwokoa mtu. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye mdomo usiojua likizo, na Elikana alikwishajifunza zamani kuchagua vita vyake.

Walikuwa wamekaa Tanzania miaka thelathini na saba. Adventina alitoka Burundi akiwa na miaka miwili, mgongoni mwa mama yake, akarudi akiwa na mvi mbili tatu na binti mmoja, Jeska, ambaye aliolewa kule Ulyankulu, akachukua uraia na kukataa kurudi. Shamba la baba yake walilikuta lina mtu. Wakagawana naye nusu kwa nusu mbele ya kamati, kila upande ukajiona umeonewa, na wanakamati wakasema hiyo ndiyo dalili ya hukumu nzuri. Maisha yakaanza. Maharage, viazi vitamu, mihogo, Jumapili kanisani.

Lakini huwezi kumwelewa Adventina bila kumjua mama yake, ingawa yeye mwenyewe hakumjua.

Mama aliitwa Ursula. Mwaka sabini na mbili alikuwa na miaka ishirini na minne, alikuwa na kifua kikuu, na alikuwa na vidonge vya miezi kadhaa alivyopewa na masista wa misheni. Watu walipoanza kukimbia mauaji, alimfunga mtoto mgongoni, akachukua chungu, akachukua jembe, akatoka. Vidonge vikabaki darini juu ya jiko, mahali alipoviweka ili visipate unyevu. Alivikumbuka wakiwa wamekwishavuka mito miwili. Yakobo, mume wake, alitaka kurudi kuvichukua, lakini waliokuwa wakija nyuma walimshika mkono wakamwambia hakuna tena pa kurudi. Wakajificha vichakani na kutembea karibu mwezi mzima kuelekea Muyinga na mpaka, Ursula akikohoa njia nzima, wenzao wakimwomba azibe mdomo na nguo wasije wakasikika. Alifia upande wa Muyinga, mpaka ukiwa si mbali. Walimzika ubavuni mwa kilima ambacho Yakobo hakulijua jina lake. Maneno ya mwisho ya Ursula yalikuwa haya, kwa Kirundi: "Umuti nawusize." Dawa nimeiacha.

Hakusema mtunze mtoto. Hakusali. Alisema dawa nimeiacha, na Yakobo akayabeba maneno hayo hadi Ulyankulu, akawa anayasema kila mtoto alipopata homa, kila mtu aliposahau kitu nyumbani, na kila alipokunywa kidogo. Kwa hiyo Adventina alikua bila kuujua uso wa mama yake, lakini sauti yake aliijua kabisa, hata kule kukohoa katikati. Yakobo alipokufa, sauti haikufa naye. Ilihamia kwa binti.

Mwaka 2011 Adventina alipata kijivimbe katika titi la kushoto, kidogo kama punje ya hindi. Akanyamaza miezi minne. Mficha maradhi kifo humuumbua, na msemo huo aliujua vizuri kwa sababu alikuwa akiwaambia wenzake. Elikana ndiye aliyegundua, siku alipomwona anabeba ndoo kwa mkono mmoja. Hakupiga kelele. Aliosha baiskeli, akatia upepo, akamwambia, "Mama Jeska, panda." Wakafika Gitega jioni, wakalala kwa binamu yake mtaa wa Musinzira, na asubuhi wakawa kwenye foleni ya hospitali.

Titi likakatwa. Kwenye kitanda cha jirani alikuwako mwanamke mfupi, mnene, mwenye ushungi wa zambarau, aliyekatwa siku ile ile. Aliitwa Kadidja, Mama Amissi kwa watu wa kwao. Alitoka Muyinga mjini, alikouza vitenge karibu na cherehani ya mume wake, Rachid, na alikuja Gitega kwa sababu ndipo alipokuwapo daktari wa upasuaji mwezi ule. Siku ya kwanza hawakusemeshana. Siku ya pili Kadidja aligeuka kwa taabu, akamtazama Adventina kifuani, akajitazama kifuani, akasema, "Dada, tukilala pamoja tunafanya mwanamke moja kamili. We iko na ya kuume, mi iko na ya kushoto." Adventina akacheka mpaka mshono ukauma, akamtukana, na tangu hapo wakawa ndugu.

Siku ya kutoka, muuguzi aliwakalisha wote wawili. Alikuwa mzaliwa wa mtaa wa Waswahili pale Gitega, na alipoisikia lafudhi ya Adventina aliacha Kirundi.

"Mama, iko hivi," alisema. "Hii ugonjwa yenu inakula chakula inatoka mwilini mwenu wenyewe, ile homoni ya mwanamke. Hii kidonge inafunga mlango ya jikoni. Unakunywa moja kila siku, saa ile ile, miaka mitano. Siku unaacha, mlango iko wazi. Mmenisikia? Hata kama mnajisikia muzima kabisa."

"Miaka mitano," alisema Adventina.

"Mitano. Na itawaletea joto, jasho, mifupa kuuma. Msiogope. Hiyo si ugonjwa, ni dawa."

Walipewa vya mwezi mmoja, na kila mwezi wangerudi kuchukua vingine, Adventina Gitega na Kadidja kwenye duka la dawa la kwao Muyinga. Kwenye ngazi za hospitali wakapatana jambo. Kila asubuhi Kadidja akimaliza swala ya alfajiri angemeza chake, halafu ambipu Adventina. Adventina akimeza chake, angebipu naye. Bipu haili salio, na inatosha. Asiyebipu mpaka jua kuchomoza atapigiwa simu ya kweli na kutukanwa kwa gharama ya mtukanaji.

Mwaka wa kwanza Adventina hakukosa hata siku moja. Simu ililia mara moja ikanyamaza, naye akachukua kidonge, akameza kwa maji ya mtungi, akabipu. Elikana alisema hajawahi kumwona mkewe akimtii mtu namna ile, na kwamba lau angejua angekuwa anambipu tangu siku ya harusi.

Joto lilikuja kama muuguzi alivyosema. Lilianzia kifuani palipokatwa, likapanda shingoni, likamwacha amelowa katikati ya shamba huku wenzake wamejifunika vitenge kwa baridi. Na joto lilipopanda, mama yake alikuja.

Hakumsimulia mtu mambo hayo, hata Elikana. Alikuwa analima, mchana kweupe, jasho linamtoka, halafu anasikia kukohoa upande wa migomba. Akiinua macho anaona mwanamke kijana amesimama ukingoni, mtoto mgongoni, chungu kichwani. Hakuwa wa kutisha. Alikuwa msichana tu, mdogo kuliko Jeska, na hilo ndilo lililomwumiza Adventina zaidi ya yote, kwamba mama yake sasa angeweza kuwa binti yake. Na mtoto aliyekuwa mgongoni alikuwa yeye mwenyewe. Mwanamke alimtazama kama mtu aliyesahau kitu na hajui kama atakipata. Kisha joto likashuka, na migomba ikabaki migomba.

Aliogopa sana, lazima isemwe. Ila aliendelea kumeza.

Kilichoharibu mambo ni gurudumu la lori.

Ilikuwa siku ya soko Makebuko, mwaka wa pili wa vidonge. Lori la kubeba ndizi lilikuwa linageuza nyuma ya vibanda, gurudumu likapasuka kwa kishindo. Waliobaki nchini miaka yote waliinama, wakatazama, wakaona moshi wa vumbi, wakarudi kwenye biashara zao. Waliorudi kutoka Tanzania walikuwa wamekwishaondoka. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Gervasi, mzee wa kanisa, mtu mzito wa maneno, alipatikana baadaye bondeni ameshika mbuzi asiye wake, na mpaka leo akiingia sokoni kuna anayelia kama mbuzi. Watu walicheka juma zima.

Adventina hakucheka. Yeye alijikuta ng'ambo ya kijito, miguu imechanika kwa miiba, kapu tupu mkononi, na hakukumbuka hata hatua moja ya kufika pale. Akasimama anahema. Wazo la kwanza lililomjia halikuwa Elikana wala nyumba. Lilikuwa dawa. Vidonge vilikuwa nyumbani, kwenye kopo juu ya kabati, naye alikuwa ng'ambo ya mto mikono mitupu. Nyuma yake, karibu kabisa na sikio, mtu akakohoa.

Alirudi nyumbani akakaa mbele ya ule mfuko wa buluu. Aliona upungufu wake mara moja, akashangaa amekuwaje mjinga kiasi hicho. Chumvi alifunga, kiberiti alifunga, lakini dawa yake aliiacha ikae kwenye kabati, kama Ursula. Na hospitali ilitoa ya mwezi mmoja tu, vidonge thelathini kwa siku thelathini, bila hata kimoja cha ziada. Akiba ingetoka wapi? Ingetoka mdomoni mwake.

Basi akaanza. Leo anameza, kesho anaweka. Cha kuweka alikikata na kijumba chake cha bati, akakifunga kwenye nailoni pamoja na kiberiti, akakiteremsha chini ya mfuko. Alijiambia heri nusu shari kuliko shari kamili. Alijiambia akiba haiozi. Mtu akitaka kujidanganya, wahenga hawamnyimi maneno. Baada ya miezi michache joto likapungua, na mwanamke wa migombani akawa haji mara kwa mara, naye Adventina akalichukua hilo kuwa jibu. Mama ameridhika, alisema moyoni. Ameona safari hii dawa haitaachwa.

Kila asubuhi simu ililia mara moja, na kila asubuhi alibipu, siku ya kumeza na siku ya kuweka. Siku ya kuweka, kidole kilikuwa kizito kwenye kitufe. Aliona aibu. Kadidja hakuwahi kumwuliza lolote, kwa sababu bipu haiulizi.

Mwaka 2014, mwezi wa pili, simu ililia na haikunyamaza. Adventina akaipokea.

"Mama Jeska," Kadidja alisema. "Dawa iko imekatika."

"Imekatika vipi?"

"Imekatika Muyinga yote. Mi nimezunguka maduka yote, Rachid naye amezunguka. Wanasema labda mwezi kesho, labda ile ingine. Leo nimemeza ya mwisho. Na huko kwenu?"

Huko kwao ilikuwa vile vile. Juma lililopita muuguzi wa Gitega alimwambia hakuna, arudi baada ya majuma matatu. Adventina alisema hivyo.

"Sasa we unafanya nini?" Kadidja aliuliza, na sauti yake, ile sauti ya kupigia kelele wateja sokoni, ilikuwa ndogo. "Mi nimekuwa na nguvu miaka yote hii ju ya hii kidonge, dada. Nikimeza najua leo niko salama. Sasa kesho asubuhi nikimaliza kuswali nafanya nini?"

Adventina aliutazama ule msumari nyuma ya mlango. Alikuwa amekaa hatua tatu kutoka kwenye mfuko wenye vidonge zaidi ya mia mbili.

Siku tatu hakula vizuri. Akimpelekea Kadidja vidonge, Kadidja atajua. Asipompelekea, atakuwa amekaa juu ya dawa huku ndugu yake anakosa, na hapo hatakuwa na tofauti na wale waliomzuia Yakobo asirudi. Siku hizo tatu simu haikulia alfajiri. Kimya hicho kilikuwa kibaya kuliko kukohoa. Siku ya nne akaushusha mfuko, akatoa fungu lote la vidonge, akamwambia Elikana anakwenda Muyinga kumwona mgonjwa mwenzake. Elikana alilitazama fungu, akamtazama yeye. Akajua, nadhani, hapo hapo. Akasema tu, "Nikusindikize?" naye akasema hapana.

Njia ya Muyinga hakuwahi kuipita tangu alipopitishwa mgongoni. Waliporudi mwaka 2009, magari yaliwapitisha mpaka mwingine. Alikaa dirishani na kila kilima kilipokuja alikitazama ubavuni, kila mlima wenye mikaratusi, kila mteremko wa migomba, akijiuliza kama ni hicho. Vilikuwa vingi mno. Hakukuwa na hata kimoja ambacho hakingeweza kuwa chenyewe. Kufika Muyinga alikuwa amechoka kana kwamba ametembea.

Kadidja alimpokea mlangoni kwa vifijo, akamkalisha mkekani, akaleta chai ya tangawizi na vitumbua. Rachid alisalimia akarudi kwenye cherehani yake ukumbini. Adventina hakugusa chai. Alifungua kitenge chake, akatoa fungu la nailoni, akaliweka kati yao.

Kadidja alifungua. Vipande vya bati, kimoja kimoja, vikamwagika mkekani. Uso wake ulifurahi kwanza. Akashika mashavu.

"Umezitoa wapi? Ziko mingi hivi?"

"Ni zangu."

"Zako namna gani? Wanatupa thelathini kwa mwezi. We ulikuwa na thelathini kama mi."

Kadidja alichukua kipande kimoja, akakigeuza, akachukua kingine. Ilimchukua muda, na Adventina aliona jambo linavyomfikia, taratibu, kama mtu anayesoma barua ya msiba.

"Mi nilikuwa ninabipu," Kadidja alisema. "Na we ulikuwa unabipu."

"Ndiyo."

"Kila siku."

"Ndiyo, Mama Amissi."

"Ile siku mi natapika, nina malaria, Rachid ananiambia acha leo, mi nikasema hapana, Mama Jeska amemeza, na mi nameza. Ile siku we ulimeza?"

"Sikumbuki. Nusu ya siku sikumeza."

Cherehani ukumbini ilinyamaza. Kadidja hakulia na hakutukana. Akauliza neno moja tu, ju ya nini, na Adventina akamweleza. Alieleza gurudumu, alieleza mfuko, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake alimweleza mtu asiye wa ukoo habari za vidonge vilivyobaki darini na maneno aliyosema Ursula karibu na mpaka. Alisema yote, hata ya migombani. Alipomaliza alikuwa ametoa jasho, na hakujua kama ni joto au ni aibu.

Kadidja alivikusanya vidonge mkekani. Halafu alisema polepole, bila ukali, na ndiyo maana iliuma.

"Mama yako aliiacha dawa ndani ya nyumba. We umeiacha ndani ya mfuko. Tofauti iko wapi, dada? Kwa tumbo haikufika yake, na yako haikufika."

Adventina alifungua mdomo ajibu. Mdomo ule usiojua likizo haukupata neno. Alikuwa ameyatunza maneno ya mama yake tangu utotoni, ameyashonea mfuko, kwa ajili yake ameunyima mwili wake dawa, na hakuwahi kuona kwamba alikuwa anafanya kile kile. Hapo ndipo alipolia. Alilia kwa sauti, kilio cha msibani, mpaka Rachid akaja mlangoni, akaona, akarudi. Kadidja alimshika kichwa akakilaza kwenye paja lake. Alikuwa bado amekasirika, na alimshika hivyo hivyo.

Asubuhi walimeza pamoja, wakitazamana kama watoto wanaopewa dawa ya minyoo. Kisha Kadidja akapeleka fungu kwa mfamasia anayemjua, naye mfamasia akatazama tarehe kwenye vipande vilivyoionyesha, akasema bado ni nzuri. Wakagawana. Kadidja akaweka sharti: Adventina asiende Makebuko kabla ya kupita Gitega na kumwambia daktari ukweli.

Alipita. Daktari alikuwa kijana, na hakumgombeza, jambo lililomfanya Adventina atamani angegombezwa. Alimsikiliza, akaandika, akamlaza akamgusa kifuani palipokatwa, kisha shingoni, kisha kwapani. Kwapani vidole vikasimama. Vikarudi. Vikasimama tena pale pale.

Wakakata kipande kidogo, kikapelekwa Bujumbura. Majibu yalichukua majuma sita, na kwa majuma hayo sita Adventina alimeza kila asubuhi, bila kukosa. Joto likarudi lote. Na Ursula akarudi nalo, akasimama migombani na mtoto wake mgongoni, na Adventina akagundua kwamba alikosea kudhani kuwa mama alikuja kudai akiba. Labda hakuwa anadai chochote. Labda wafu wanatutazama tu, sisi ndio tunaojaza maneno. Aliendelea kulima huku anatazamwa.

Majibu yalipofika, ugonjwa ulikuwa umerudi. Elikana alikuwa naye chumbani, kofia magotini.

"Ni kwa sababu ya zile siku?" Adventina aliuliza.

Daktari alifikiri kabla ya kujibu, na kwa hilo alimheshimu. "Mama, huenda ungemeza vyote na bado ugonjwa ungerudi. Huenda usingerudi. Mimi sijui. Atakayekuambia anajua, anakudanganya." Kisha akaeleza yaliyobaki kufanywa: kukatwa tena, dawa ya mishipani huko Bujumbura, na baada ya hapo kidonge cha aina nyingine. Kile cha zamani asikimeze tena, kwake hakifanyi kazi.

Nje ya hospitali Elikana alikwenda kutafuta maji ya kunywa, na Adventina akakaa kwenye ukuta mfupi, akampigia Kadidja. Alimwambia yote kama yalivyo, bila kupunguza. Upande wa pili akasikia Kadidja anapumua kwa shida.

"Huku duka bado halina," Kadidja alisema. "Mi mpaka leo ninakunywa zako. Mama Jeska, mi nilikuwa ninakula siku zako. Siwezi tena. Nazirudisha. Nazifunga sasa hivi, Rachid anazileta."

"Usizifunge."

"Siwezi kuzimeza, dada. Zinanikwama hapa."

"Nisikilize, Mama Amissi. Mimi nilizifunga, na umeona. Kwangu hazina kazi tena, daktari amesema. Ukiziweka, zitakuwa zimewekwa mara ya pili, na hapo ndipo zitakuwa zimepotea kweli. Leo umemeza?"

"Leo bado."

"Basi chukua kimoja. Sasa hivi, nikisikia. Mmoja wetu afike miaka mitano."

Kadidja alilia, na Adventina alimwacha alie. Wagonjwa walikuwa wakipita mbele yake na mafaili yao mikononi. Baadaye alisikia hatua, akasikia mtungi unafunuliwa, maji yanamiminwa. Akaendelea kushika simu sikioni mpaka aliposikia kikombe kinawekwa chini, ndipo akakata.